Kikapu cha Arabuni

Mwaka ule mkuu wa shule ya binti yangu alipata wazo, na mkuu wa shule akipata wazo wanaochoka ni wazazi. Alikuwa ameitwa kwenye semina mjini, akala, akanywa soda, akarudi kwetu Kicukiro, pembeni mwa Kigali, na neno “mataifa” mdomoni. Akatangaza kwamba shule nzima itajifunza mila na kazi za mikono za watu wa dunia, na mwisho wa muhula kutakuwa na Siku ya Mataifa, meza kwa meza, wageni waheshimiwa wapite kutazama. Haya. Vita viko kaskazini, sukari imeadimika madukani, redio kila asubuhi inatutia hofu, na sisi tunahangaika kutafuta pamba ya kujengea nyumba ya barafu.

Mimi nilikuwa fundi cherehani. Nilishonea barazani kwangu, nyuma kidogo ya soko, na kila mwenye kitambaa anaona fundi cherehani kazaliwa ili amtumikie. Haukupita muda mwalimu wa binti yangu akatokea na mfuko mkubwa. Alikuwa mama mpole kupita kiasi, na upole wake ulinitoa jasho kuliko ukali wa wengine, maana mkali unaweza kumjibu.

“Mama, iko kazi kidogo tu,” alisema, akamimina mapazia ya zamani na vitambaa vya meza juu ya cherehani yangu. Halafu akatoa karatasi ya kalenda ya shirika fulani la ndege, yenye picha za watu wa mataifa. Akaweka kidole kwa mtu mwenye sketi ya miraba.

“Huyu mwanamke anataka nini?” nikamuuliza.

“Si mwanamke, mama. Ni mwanamume wa Ulaya. Ni mila yao.”

“Na mke wake anavaa nini?”

Mwalimu akaitazama kalenda kwa makini, akaigeuza, akanijibu kwamba mke hakuonyeshwa.

Nikashona. Nilishona sketi ya mwanamume, nikashona joho la Kijapani kutokana na pazia lililokuwa na alama ya moshi, nikashona kofia za manyoya za watu wa barafu. Kila siku ikaja karatasi nyingine. Mchinja nyama aliyekuwa na duka mtaa wa Gisimenti alifika kwangu mwenyewe, kisu bado kiko kiunoni, kuniuliza ni nani aliyenituma nimvishe mwanawe sketi. Nikamwambia aende akaulize kalenda. Na wateja wangu wa kweli, wenye harusi na wenye ubatizo, wakawa wananitazama wanaondoka.

Ningekataa, na mdomo wa kukataa ninao. Nilivumilia kwa sababu moja tu, nayo ni binti yangu.

Alikuwa na miaka tisa, ana ukimya wa baba yake na ubishi wangu, mchanganyiko ambao simwombei mzazi yeyote. Baba yake alikuwa dereva wa lori njia ya Tanzania, yuko nyumbani leo, kesho hayupo, na mtoto alizoea kushinda kwa jirani yetu, mukecuru mmoja, yaani bibi kizee, mjane aliyekuwa akisuka vikapu vya mfuniko mrefu uliochongoka, vile ambavyo Wanyarwanda wanaita agaseke. Mukecuru yule hakujua kusifu. Akikuona umevaa nguo mpya atakuambia upindo umekaa upande. Alimpa mtoto wangu sindano yake nene ya chuma na nyuzi za katani, akamkalisha mkekani, na kila mshono ukilegea anampiga vidole kwa ubua. Mtoto akiniangalia kwa macho ya maji, lakini kesho amerudi.

Miezi ilipita hivyo. Akatokea na kikapu. Kidogo, urefu wa mkono wangu toka kiganjani mpaka kwenye kiwiko, na michirizi myeusi inapanda na kushuka, pale katikati imekosea kidogo halafu imejirekebisha. Nilikishika nikakigeuza mara mbili tatu. Kwa kawaida ya mukecuru, kikapu cha kwanza unampelekea aliyekufundisha. Akikikubali, anakurudishia kikiwa na kitu ndani. Akikirudisha kitupu, fumua uanze upya. Mtoto alikuwa anangoja kumaliza mfuniko ndipo akipeleke.

Sasa mwalimu akatangaza darasani kwamba kwenye Siku ya Mataifa, mtoto mwenye kazi ya mikono yake mwenyewe ataketi kwenye meza ya nchi yake aonyeshe inavyofanyika, wageni wakimtazama. Binti yangu alirudi nyumbani anakimbia, yeye asiyekimbia. Atakaa meza ya Rwanda. Ataweka kikapu mbele yake, na mkononi ataanza kingine, ili waone mwanzo na mwisho. Alinieleza hayo yote kwa pumzi moja, na tangu siku ile hakuwa na hadithi nyingine. Akilala meza ya Rwanda, akiamka meza ya Rwanda. Mukecuru alipoambiwa alisema tu, “Basi usinitie aibu, kaza mkono.” Kikapu kikasubiri kwanza kiende shuleni, ndipo kije kwake.

Ndiyo maana nilishona zile sketi.

Kisha ikabaki kama juma moja, mtoto akarudi anatembea polepole, ameshika mkoba kifuani. Nikamwekea chakula.

“Mimi nimewekwa Arabuni,” akasema.

“Arabuni ya nani?”

“Mwalimu amesema sisi ni Waswahili. Waswahili wanakaa meza ya Arabuni.”

Jamani! Ngoja niwaeleze kwanza, ili mkikasirika tukasirike pamoja. Kigali ya wakati ule ukiwa Mwislamu unaitwa Mswahili, iwe unakijua Kiswahili au hukijui, na neno lenyewe wengine walilitamka kama wanaotema mbegu ya chungwa, maana kwao Mswahili ni mjanja mjanja, mtu wa mjini asiye na shamba. Ni kweli babu yangu mzaa baba alitoka upande wa Ujiji. Alikuja Kigali kijana akafia Kigali mzee, na kaburi lake liko hapa. Bibi yangu mzaa mama alizaliwa Gahanga, hapo nje kidogo ya mji, akalima Gahanga, akazikwa Gahanga, kwenye udongo ambao ukimwagia maji unanuka maharage yake. Mimi nimezaliwa Biryogo, hapa hapa Kigali. Mtoto kazaliwa Kicukiro, katika chumba kile kile nilimokuwa nimekaa nikimsikiliza. Arabuni sijafika hata kwa ndoto. Mwarabu niliyemjua mimi alikuwa na duka la vitambaa mjini, na alikuwa anapunja.

Nilifunga kanga nikaenda shuleni asubuhi yake. Mwalimu nilimkuta uwanjani anawafundisha watoto ngoma ya mvua ya watu wa Marekani. Wote wanapiga makofi midomoni. Uu-uu-uu. Mwezi wenyewe wa mafuriko.

“Mama, usikasirike,” alianza, hata sijafungua mdomo. “Mutoto yako iko muzuri sana, iko na akili. Lakini nyinyi muko Waswahili. Dini yenu imetoka Arabuni, hapana?”

“Na dini yako wewe imetoka Gahanga?”

Akacheka kidogo, kwa upole wake, akagusa msalaba wake shingoni kana kwamba anahakikisha upo. Akasema maamuzi ni ya mkuu.

Mkuu wa shule alinipokea vizuri, akanipa kiti, akaniita mama fundi. Akanieleza kama mtu anayemweleza mgonjwa. Meza ya Rwanda imejaa. Wazazi wengi wakubwa wameomba watoto wao wakae pale. Meza ya Arabuni haina mtu, na meza tupu mbele ya wageni ni aibu kwa shule. “Shule hii nzima, Mswahili nimepata mmoja tu,” alisema, “na ni wako. Mungu amenisaidia.”

“Mtoto anasuka agaseke, mkuu. Anasuka kwa mkono wake. Nani mwingine kwenye meza yako anasuka?”

“Basi si aje nacho! Akiweke pale pale Arabuni. Itapendeza.”

Nikamwambia kuna msemo kwetu, mgeni siku mbili, siku ya tatu mpe jembe. Jembe tumelishika tangu babu, mpini umeshalika, sasa siku yetu ya tatu itafika lini? Mkuu akasema huo ni msemo mzuri, niuandike kwenye karatasi, utafaa kwa meza ya Arabuni.

Yarabi. Kuna watu ukigombana nao ni sawa na kupiga ngumi mto wa sufi.

Nilirudi nyumbani nimeamua mtoto asiende kabisa. Akakataa yeye. “Nikikaa tu pale na kikapu,” aliniambia, “wataona wenyewe. Kikapu kitawaambia.” Nilitaka kumjibu kwamba watu hawaambiwi na vikapu. Badala yake nikampigia pasi gauni lake la bluu la shule.

Vazi la Kiarabu nilikataa kulishona. Sindano yangu ilikwishazunguka dunia yote, lakini pale niligoma. Kwa hiyo siku yenyewe ilipofika mwalimu alichukua taulo la kuogea, akamfunika mtoto kichwa, kilichonyolewa kipara kama vya wanafunzi wote, akalizungushia kamba ya mbuzi. Nilipoingia uwanjani nikamwona mwanangu amekaa hivyo, peke yake, nyuma ya meza yenye birika langu mwenyewe la kahawa na picha ya ngamia. Ngamia alikuwa amechorwa na wavulana wa darasa la juu, na alikuwa ni ng'ombe. Pembe ndefu, nundu mbili. Kando yake imesimama kadi kubwa: ARABUNI.

Kikapu kilikuwa mbele yake, na chenyewe kimefungiwa kikadi kidogo kwa uzi, mwandiko wa mkuu: Arabuni. Mkononi ana kile cha pili, ameshaanza kitako, anasuka hata hanyanyui macho.

Nyumba ya barafu ilikuwa imelowa kwa manyunyu ya asubuhi ikalala chini. Mbuzi wa jirani alikuwa ameshakula sketi moja ya majani ya migomba ya watu wa visiwani, na mwenye sketi analia. Mtoto wa mchinja nyama alivaa sketi ya miraba juu ya kaptura yake ya kaki, baba yake amesimama nyuma yake, mikono kifuani, anangoja mtu acheke. Na meza ya Rwanda, naam, ilipendeza. Vikapu vimepangwa vizuri, vimenunuliwa sokoni jana yake, niliviona vikipita mbele ya baraza langu. Mbele amekaa binti wa mkubwa mmoja wa wilaya, ameshika sindano kwa upande wa ncha.

Mgeni mheshimiwa alikuwa bwana wa ofisi ya elimu, tai nyekundu, sauti ya kwenye mimbari. Alipita meza kwa meza akitikisa kichwa. Alipofika Arabuni akasimama. Akainama. Mtoto wangu alikuwa anaingiza sindano, anavuta uzi, anakaza, anaingiza, na lile taulo linamteleza usoni, analisukuma kwa kiwiko.

“Ee!” bwana yule akasema. “Kumbe Waarabu nao wanasuka!”

Nilidhani anatania. Nikamtazama usoni. Hakuwa anatania. Mtu mzima, mzaliwa wa milimani huko, ambaye nyumbani kwa mama yake bila shaka kikapu kama kile kimewekwa juu ya kabati na unga wa mtama umo ndani! Amekitazama, amekigusa, halafu akaamini kadi.

Mtoto akafungua mdomo. Mwalimu mpole akamwekea mkono begani. “Ndiyo, mheshimiwa,” akasema mwalimu, “wanasuka sana.”

Nilisogea mbele, na mama mmoja nisiyemjua akanishika kanga, akaninong'oneza kwamba wakati huu si wa kupigia kelele watu wa serikali. Alikuwa na haki. Wakati ule ulikuwa ni wa watu kuulizana wewe ni wa wapi, na jibu baya halikuishia uwanjani. Nikabaki nimesimama pale pale.

Mwisho zikatolewa zawadi. Kazi bora ya mikono ya Rwanda ikaenda kwa binti wa mkubwa, ambaye alikuwa bado ameshika ncha. Na kazi bora ya mikono kutoka nchi za kigeni, mkuu akatangaza kwa furaha, ni Arabuni! Makofi. Binti yangu akaitwa mbele, taulo kichwani, akapewa thamosi yenye maua mekundu. Akapiga goti, akapokea kwa mikono miwili kama nilivyomfundisha. Watu walimshangilia sana, wallahi, na nilitamani ardhi inimeze.

Kikapu hakikurudi. Wakasema kazi za washindi zinabaki ofisini kwa mkuu, kwenye kabati la vioo.

Njiani mtoto aliibeba ile thamosi mbali na mwili wake, kama mtu anayebeba chungu cha moto. Tulifika penye tope karibu na kisima, nikamwambia anishike mkono. Akanishika. Halafu akaniuliza, sauti ya kawaida kabisa, kama anayeuliza tutakula nini.

“Mama, nikiirudisha hii, watanihesabu wa hapa?”

Iliniuma. Sijui kusema vingine, iliniuma hapa chini ya titi, na mpaka leo nikikumbuka panauma pale pale. Tuna methali yetu, mkataa kwao mtumwa, nimeisema mara ngapi kwa watu. Hakuna aliyewahi kunifundisha methali ya mtoto ambaye kwao ndiko kunakomkataa. Nikamwambia, “Jumatatu tunakwenda pamoja.”

Jumatatu mkuu alishangaa. Zawadi hairudishwi, mama fundi! Wazazi wengine wangeshukuru! Nikaiweka thamosi mezani kwake juu ya makaratasi yake. Nikamwambia sitaki ugomvi, nataka kikapu cha mtoto, kuna mtu wa kupelekewa, na kabla sijakichukua nataka kile kikadi kisahihishwe, kwa mkono ule ule ulioandika. Mtoto amesimama ubavuni mwangu, kidevu juu ya meza, anatazama.

Mkuu alifikiri. Alikuwa si mtu mbaya, na hilo ndilo lilinichosha zaidi. Ungemkasirikia mtu mbaya ukamaliza. Akafungua kabati, akatoa kikapu, akavaa miwani.

“Nimekuelewa, mama,” akasema. “Una haki. Tumekosea. Nyinyi si Waarabu.”

Akakata neno Arabuni kwa mstari ulionyooka. Chini yake akaandika taratibu, kwa mwandiko mzuri sana wa kishule, akapuliza wino ukauke. Akanipa. Nikasoma: Uswahilini.

“Sasa?” akauliza, anatabasamu.

“Nchi hiyo iko wapi, mkuu?”

“Si kule kwenu,” akasema, akapunga mkono dirishani.

Nikatazama alikopunga. Lilionekana soko la Kicukiro, na nyuma yake bati la baraza langu, na pembeni ya bati langu nyasi za paa la jiko la mukecuru. Nilicheka. Nilicheka mpaka mkuu naye akacheka kwa adabu, akidhani tumepatana. Thamosi nilimwachia, nikamwambia ampelekee mkewe.

Mtoto hakucheka. Alibeba kikapu kwa mikono miwili njia nzima, na hakukifungua kile kikadi, sijui kwa nini. Tulipofika hakuingia kwetu, akanyoosha moja kwa moja kwa jirani.

Mukecuru alikuwa barazani kwake anachambua maharage kwenye ungo. Hakutusalimu mpaka alipomaliza kiganja alichoshika. Akakipokea kikapu. Akakigeuza kitako juu, akakivuta mdomo kulia na kushoto, akachungulia ndani, akapitisha kucha juu ya michirizi mpaka pale katikati palipokosea.

“Hapa ulikuwa unafikiria chakula,” akasema.

“Ndiyo, nyogokuru,” akajibu, maana ndivyo alivyozoea kumwita bibi yule.

“Na hii karatasi?” Akakishika kile kikadi kwa vidole viwili. Hakujua kusoma yule bibi, herufi hata moja. “Imeandikwa nini?”

Nilivuta pumzi. Nilikuwa nayo yote tayari, kalenda, taulo, ngamia, mheshimiwa na tai yake, na hasira ya kuyasimulia mpaka usiku. Mtoto akanitangulia. Aliinama, akaweka kidole chini ya neno kama walivyofundishwa darasani, akasoma kwa sauti bila kusita:

“Imeandikwa: kimesukwa Kicukiro.”

Mukecuru akamtazama, akanitazama mimi.

“Yampayinka,” akasema, kama Wanyarwanda wanavyosema wakishangaa. “Shule nzima imekaa kuandika hilo? Na nani alikuwa halijui?”

Akakata uzi kwa meno. Kikadi akakikunja mara mbili, akakisukumia chini ya mguu wa kigoda chake uliokuwa unayumba, akajaribu kukalia, kikatulia. Halafu akauvuta ungo, akamimina maharage ndani ya kikapu mpaka juu, akafunika mfuniko, akamrudishia mtoto.

“Haya, nenda kwenu ukamsaidie mama yako kupika,” akasema, na kidole chake kikaonyesha mlango wetu.